Majani Tuliyoyafagia

Kwa muda wa miaka 34 tulifundisha shule, na mara kwa mara tulipewa zamu ya kusema neno kanisani. Katika miaka hiyo yote tulimtaja nondo katika maneno yetu, wala hatukumtaja kwa wema hata siku moja. Alikuwa mfano wetu wa mwizi aingiaye sandukuni asisikiwe, akala nguo ya arusi iliyotunzwa. Tena alikuwa mfano wa kijana apendaye anasa, aizungukaye taa hata imteketeze. Watu waliitikia kwa vichwa, nasi tukarudi kuketi mahali petu tumeridhika. Leo twaandika ili tukiri kwamba tulimsingizia. Na tulipokuja kujua habari zake, tulikuwa tumekwisha kumtenda ubaya mkubwa kuliko masingizio hayo.

Mambo yenyewe yalitokea Marekani. Binti yetu ameolewa, naye akaa na mumewe katika mji mdogo wa jimbo la Massachusetts, upande wa magharibi wa Boston. Mwishoni mwa Mei mwaka 2023 tulikwenda kuwatazama, tukakaa miezi isiyotimia sita. Wana mtoto mmoja wa kike, na wakati ule alikuwa na umri wa miaka 9. Mamaye amemlea kwa Kiswahili ndani ya nyumba, basi hatukuhitaji mkalimani kati yetu na mjukuu wetu.

Usiku mmoja wa wiki ya kwanza tulikuwa tumeketi barazani, taa inawaka. Juu ya wavu wa mlango tukaona kitu ambacho mwanzo tulidhani ni jani changa lililopeperushwa na upepo. Kumbe ni nondo. Mabawa yake yalikuwa ya kijani chepesi, na yalipokunjuka upana wake ulikuwa kama wa kiganja cha mtu mzima. Ukingo wa mbele ulikuwa na mstari wa rangi ya zambarau. Kila bawa lilikuwa na doa kama jicho, na mabawa ya nyuma yaliishia katika mikia miwili mirefu iliyojipinda kama utepe. Mwili wake ulikuwa mweupe, wenye manyoya kama pamba, na vipapasio vyake vilikuwa kama vinyoya viwili vya ndege mdogo.

Tulikuwa hatujapata kuona nondo mkubwa namna ile, tukahofia nguo zetu zilizokuwa bado sandukuni. Tukavua kandambili. Mjukuu wetu akatushika mkono akasema, “Babu, usimpige. Hana hata kinywa.”

Tulicheka, tukadhani ni maneno ya kitoto. Lakini asubuhi yake alituletea kitabu chake cha shule akatuonyesha. Nondo huyu jina lake ni Luna, neno la Kilatini lenye maana ya mwezi. Akiisha kupata mabawa hali kitu tena, wala hanywi, kwa sababu kinywa chake hakifai kazi. Huishi muda wa wiki moja hivi, na katika wiki hiyo hutafuta mwenziwe, hutaga mayai, kisha hufa. Nguvu zake zote ni akiba aliyojiwekea alipokuwa kiwavi. “Alikula alipokuwa mdogo,” mjukuu wetu akasema, “sasa anatumia.” Basi yule tuliyemwita mlafi kwa miaka 34, tulikuwa twamtazama hapo mlangoni, naye amefunga kula hata kufa kwake.

Tukauliza, “Basi ni nani alaye nguo?” Tukajifunza jambo la pili. Katika Marekani na Kanada peke yake kuna aina za nondo zipatazo 11,000, na walao nguo ni aina chache mno. Nondo wa nguo ni mdogo, hata punje ya mpunga humshinda kwa unene, rangi yake kama majani makavu ya ngano. Naye mwenyewe akiwa na mabawa hali. Mtoto wake, yaani kiwavi, ndiye alaye sufu, manyoya na nywele. Tena nondo huyo huikimbia nuru, hujificha gizani ndani ya mikunjo. Kwa hiyo nondo aingiaye sandukuni hazunguki taa, na nondo azungukaye taa hali nguo. Sisi tulikuwa tumewatwika wote wawili mzigo mmoja.

Tangu siku ile mjukuu akawa mwalimu, nasi tukawa wanafunzi. Alituonyesha nondo arukaye mchana, mwenye mabawa yaliyo wazi kama kioo, anayesimama hewani mbele ya ua na kunyonya asali kwa mrija mrefu, hata ungeapa ni ndege chozi. Baadaye, siku za baridi zilipokaribia, alituonyesha kiwavi mwenye manyoya mengi, mweusi mbele na nyuma, na katikati ana mshipi wa rangi ya kutu. Wenyeji humwita dubu wa sufu, na wazee wao husema kwamba ukiutazama upana wa mshipi wake utajua kama baridi itakuwa kali au nyepesi. Wataalamu wameona kwamba si kweli, maana mshipi hukua kwa umri wa kiwavi. Lakini jambo lililo kweli lashangaza zaidi. Kiwavi huyo hujikunja chini ya majani, akagandishwa na baridi hata akawa mgumu kama jiwe, na majira ya joto yakija huyeyuka akaenda zake.

Tumrudie Luna wetu. Yule wa mlangoni alikuwa jike. Mjukuu alimtia usiku mmoja ndani ya mfuko wa karatasi, na asubuhi akamwacha aende zake. Ndani ya mfuko mlikuwa na mayai 23, ya rangi ya kahawia, kila moja kama kichwa cha pini. Jike mmoja aweza kutaga hata 200. Baada ya siku kama kumi yakaanguliwa, wakatoka viwavi wembamba kama uzi. Nyuma ya nyumba palikuwa na mti wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi, na majani ya mti huo ndiyo chakula chao. Mjukuu akawaweka katika tawi la chini, akalifunika tawi lote kwa wavu mwembamba, akaufunga mdomo wake kwa kamba. Tukamwuliza, “Wavu wa nini?” Akasema, “Kwa ajili ya nzi.” Hatukuuliza ni nzi gani. Tulidhani ni hawa nzi tuwajuao, ambao hutua juu ya kila kitu. Msomaji na alikumbuke neno hili.

Viwavi wale walikula mchana na usiku. Ngozi ya kiwavi haikui pamoja naye, kwa hiyo ikimbana huivua, akatoka na ngozi mpya. Hufanya hivyo mara 4. Kila walipojivua walikuwa wanene zaidi na kijani chao kimeiva zaidi, mpaka wakalingana na kidole cha shahada. Ukiwagusa huinua kichwa na kutoa mlio mdogo wa taya, kama mtu atatarishaye vijiti, ili adui aogope. Wengine walikufa, kama ilivyo desturi ya viumbe wadogo, wakabaki 11. Kila asubuhi tulikwenda pamoja naye kuwahesabu kabla ya chai.

Mwishoni mwa Julai tuliondoka kwenda jimbo la Ohio kukaa na ndugu yetu aliyekuwa mgonjwa. Tulirudi Massachusetts katikati ya Oktoba. Wavu ulikuwa umekwisha kukunjwa na kuwekwa, na juu ya tawi hapakuwa na kiwavi hata mmoja. Tukasema moyoni, wamekwisha kupata mabawa, wameruka. Hatukuuliza.

Tuliona pia kwamba chini ya mti ule palikuwa na vijiwe vidogo vimepangwa kwa duara, na juu ya majani yaliyoanguka mkwe wetu hakuwa amepitisha reki. Naye hufanya kazi ya usiku, hulala mchana, macho yake mekundu siku zote. Tukasema, maskini, amechoka. Hatukuuliza.

Ndugu msomaji, wewe wajua malezi yetu. Sisi tulizaliwa mahali ambapo uwanja hufagiwa kabla jua halijapanda. Mgeni akikuta majani mbele ya nyumba huuliza kama kuna mgonjwa ndani. Shuleni tuliwaadhibu watoto wengi kwa ajili ya uwanja usiofagiwa. Na katika nchi ile, majira hayo, miti yote huvua majani yake kwa muda wa wiki chache. Majani huwa mekundu, ya manjano na ya kahawia, kisha huanguka hata nyasi hazionekani. Mioyo yetu haikustahimili. Asubuhi moja ya wiki ya mwisho ya Oktoba, binti amekwenda kazini, mkwe amelala, mtoto yuko shule, tukatwaa reki.

Tulifanya kazi kwa saa tano, tukiimba. Tulijaza mifuko 14 ya karatasi, ile mikubwa ambayo mji wenyewe umeiruhusu kwa kazi hiyo, tukaipanga kando ya barabara. Vijiwe vile tuliviokota tukaviweka vizuri karibu na ngazi, tukidhani ni mchezo wa mtoto. Saa nane lori la mji likapita likaichukua mifuko yote. Tukaketi barazani, mgongo unauma na moyo umejaa furaha, tukingoja kusifiwa.

Mtoto alirudi saa tisa na nusu. Alisimama pale lango lilipo, asitembee. “Babu,” akasema, “majani yako wapi?” Tukamwambia kwa fahari kwamba tumeyafagia yote na lori limeyachukua. Akaenda hadi chini ya mti wake, akachutama, akaiweka mikono yake miwili juu ya nyasi tupu. Hakulia kwa sauti. Alisema, “Walikuwa wamelala humo.” Kisha akatutazama akasema, “Babu, hukuuliza.” Akaingia ndani, wala usiku ule hakula.

Tumewahi kukemewa na wakubwa wa shule, na wakaguzi, na wazee wa kanisa. Hakuna karipio lililotuingia kama maneno yale mawili ya mtoto wa miaka 9, kwa sababu hayakuwa na hasira ndani yake. Yalikuwa kweli tu.

Jioni mkwe wetu alitueleza. Kiwavi wa Luna akiisha kushiba, rangi yake ya kijani hugeuka kuwa nyekundu ya kahawia, naye hushuka kwenye mti. Huko chini hujivuta jani au mawili, akayashona pamoja kwa hariri yake, akajifanyia kifuko chembamba kama karatasi. Ukikitazama wadhani ni jani bovu. Ndani yake hujivua mara ya mwisho, akawa kitu kigumu kama kokwa, kisicho na miguu wala mabawa, hawezi kukimbia wala kujitetea. Katika majimbo ya kaskazini hulala hivyo miezi yote ya baridi na theluji, mpaka Mei au Juni. Watoto wa mwaka ule hawakuwa wameruka. Mjukuu wetu alikuwa ameufungua wavu mnamo Agosti ili washuke wenyewe, kama walivyoshuka wazazi wao. Akawazungushia vijiwe, akamwomba babaye asipitishe reki mahali pale, naye babaye akaacha uwanja wote. Kile tulichokiona kuwa uchovu kilikuwa ahadi ya baba kwa mwanawe.

Siku ya pili jirani yao, mwalimu mstaafu kama sisi, alisikia habari akaja kutufariji. Alituambia kwamba tusidhani sisi ni wa kwanza, akatusimulia habari iliyotokea katika jimbo lile lile, nasi twaisimulia kwa kuwa ina faida.

Katika mji wa Medford, karibu na Boston, alikaa Mfaransa mmoja aliyeitwa Étienne Léopold Trouvelot. Alikuwa mchoraji hodari, tena alipenda kufuga nondo ili apate hariri. Mnamo mwaka 1868 au 1869 aliagiza kutoka Ulaya mayai ya nondo mwingine, ambaye leo huitwa nondo wa sifongo, kwa kuwa jike hufunika mayai yake kwa manyoya hata yakawa kama kipande cha sifongo. Baadhi ya viwavi wakamtoroka. Yasimuliwa kwamba alipoona wametoroka aliwaarifu watu, lakini hakuna aliyeshughulika. Trouvelot akaacha nondo akageukia kuchora nyota na sayari, na kwa kazi hiyo alisifiwa sana. Mwaka 1882 alirudi Ufaransa. Mwaka 1889 viwavi wa sifongo wakaujaza mji wa Medford. Walitambaa juu ya kuta na mapaa, wakaivua miti majani yote katikati ya majira ya joto, na watu walisema kwamba usiku husikia mlio wa kutafuna. Jike wa Ulaya ana mabawa lakini hawezi kuruka. Hata hivyo mayai yake yalisafiri yameganda juu ya magogo na magari, na viwavi wadogo walipeperushwa na upepo wakining'inia kwa nyuzi zao. Mwaka 1981 miti ya eka zaidi ya milioni 12 iliachwa bila majani.

Watu wakatafuta dawa. Mwaka 1906 waliletwa nzi kutoka Ulaya, ambao hutia watoto wao ndani ya kiwavi aliye hai, nao humla kwa ndani hata afe. Nia ilikuwa njema, maana walitaka kuiokoa miti. Lakini nzi huyo huzaa vizazi kadhaa katika mwaka mmoja, na nondo wa sifongo huzaa kizazi kimoja tu. Basi kiwavi wa sifongo akiisha, nzi hutafuta kiwavi mwingine. Imeonekana kwamba hushambulia aina zaidi ya 180 za nondo na vipepeo wa nchi ile. Na pamoja na hayo waliendelea kuwafungulia nzi hao hata mwaka 1986. Kuna nondo aitwaye sekropia, aliye mkubwa kuliko wote wenyeji wa Amerika ya Kaskazini. Mabawa yake yafika upana wa sentimita 15 na zaidi, ya rangi ya kahawia yenye miezi myekundu na myeupe. Wataalamu wa Massachusetts waliwaweka viwavi 500 wa sekropia mitini ili waone wangapi watapona. Mwaka 2000 walitangaza majibu: hakuna hata mmoja aliyefikia kusokota kifuko, na wauaji wakubwa walikuwa nzi wale.

Hapo tukaelewa neno la mjukuu wetu: “Kwa ajili ya nzi.” Alikuwa amewalinda viwavi wake na makosa ya watu waliokufa zamani. Wavu wake ulimzuia nzi, lakini haukuweza kumzuia babu yake.

Tulifikiri sana usiku ule. Trouvelot hakutaka ubaya. Waliomleta nzi hawakutaka ubaya. Nasi tuliposhika reki tulitaka wema mtupu. Mtu mwenye nia mbaya huogopa kuonekana, kwa hiyo hutazama huku na huku kabla hajatenda. Mwenye nia njema hatazami. Huimba.

Asubuhi yake, mbele ya babaye na mamaye, tulimwomba mtoto radhi. Twajua kwamba desturi yetu si ya mzee kumwomba mtoto msamaha mezani, na binti yetu aliinamisha macho kwa aibu kwa ajili yetu. Lakini tuliona kwamba desturi hiyo haikuandikwa kwa ajili ya siku kama ile. Mtoto alinyamaza kidogo, akasema, “Tutafute.”

Jumamosi tulitafuta, sisi na yeye, kwa magoti. Tulipekua pembe zote za uwanja, chini ya ua na kando ya ngazi, tukakuta usafi wetu tu. Ila mahali pamoja, nyuma ya rundo la kuni, reki yetu haikufika, kwa sababu mgongo ulikuwa umetushinda. Pale majani yalikuwa bado yamelala kwa tabaka. Mjukuu akainua jani moja lililokunjamana, akalipima kiganjani. Lilikuwa zito kuliko jani. Akaliweka sikioni, kisha akaliweka sikioni petu, na ndani yake tukasikia mkwaruzo mdogo, kama wa mtu ajigeuzaye kitandani.

Katika 11 alipona mmoja, naye aliokolewa na uvivu wetu, si na bidii yetu.

Tulitaka kumweka ndani ya nyumba apate joto. Safari hii tuliuliza kwanza. Akatuambia kwamba joto lingemwamsha kabla ya majira yake, akatoka katika dunia isiyo na majani wala mwenzi. Basi akamweka ndani ya tundu la waya, chini ya ngazi, pamoja na majani, baridi impate kama iwapatavyo ndugu zake. Katikati ya Novemba tukarudi kwetu.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 binti yetu alitupelekea habari nyingine. Wataalamu walikuwa wamewapiga wadudu picha za haraka sana usiku, wakaona kwamba mdudu arukaye huelekeza mgongo wake upande wenye nuru zaidi. Tangu kuumbwa kwa dunia mbingu ya usiku ina mwanga kuliko ardhi, na kwa njia hiyo nondo hujua juu ni wapi na chini ni wapi. Akikaribia taa huielekezea mgongo akidhani ni mbingu, basi hupinduka na kuzunguka, asiweze kutoka. Tulisoma habari hiyo mara mbili. Kwa miaka 34 tulisema nondo huipenda taa kwa tamaa, kumbe anashika sheria aliyopewa ili asianguke, na taa yetu ndiyo impotezayo.

Siku ya 6 Juni mwaka 2024, mjukuu wetu alituandikia. Asubuhi kifuko kilipasuka, akatoka nondo mwenye mabawa mafupi yaliyokunjamana kama kitambaa kilicholowa. Akapanda juu ya kijiti, mabawa yakajaa polepole, na kabla ya adhuhuri yalikuwa yamekauka. Alikuwa jike. Jioni akamweka katika ule mti wenye gome jeupe, na nyumbani wakazima taa ya baraza, wakawaomba na majirani wazime zao.

Nondo jike wa namna hii hatafuti. Hukaa mahali pake, akatoa harufu ambayo sisi hatuisikii, na dume huisikia kwa vipapasio vyake kutoka mbali, akaja akiufuata upepo. Njiani popo humwinda. Hapo ndipo mikia yake mirefu hufaa, maana huzunguka arukapo, na popo, awindaye kwa mwangwi, huikamata mikia badala ya mwili. Mwaka 2015 wataalamu walionyesha kwamba nondo waliokatwa mikia hukamatwa mara nyingi zaidi.

Usiku wa kwanza hakuja dume. Usiku wa pili hakuja. Mjukuu aliandika kila asubuhi, nasi tulihesabu siku, kwa kuwa maisha yote ya yule nondo yalikuwa wiki moja, nasi ndio tuliomwachia upweke ule. Siku ya tatu ulikuja ujumbe wa maneno machache: “Babu, wako wawili.”

Twakiri kwamba tulitoka nje tukasimama uwanjani peke yetu.

Uwanja wetu huku twaufagia mpaka leo, maana kwetu nyoka hupenda majani, na usafi ni jambo jema. Bado twasimama kanisani zamu yetu ikifika, lakini nondo hatumtaji tena kwa ubaya. Na kila tushikapo ufagio, au kalamu ya kusahihishia madaftari, au neno la kumwonya kijana wa watu, hujaribu kwanza kutazama huku na huku, tukauliza kama kuna aliyelala humo. Wapo wengi ambao kwa macho yetu ni jani bovu tu, na Muumba wao ndiye ajuaye wataamka lini.